Wimbo ya Sadaka Kwenye Saxo

Kule Uvira kwaya yetu ilikuwa na wimbo moja ya sadaka. Ikianza tu, hakuna mutu anabaki kwenye kiti. Unashika sadaka yako mkononi, unaenda mbele ukicheza, hata kama goti inauma. Baba yangu ndiye alikuwa anaongoza kwaya, na mimi nilikua nikijua ile wimbo ilishuka mbinguni moja kwa moja.

Bon. Sasa tunakaa Amerika, mji wa Columbus, upande wa Whitehall. Siku moja binti yangu alirudi na saxo ya shule, ile tarumbeta ya kupinda. Akasema ameingia kikundi ya jazz, na wataenda kupiga kwenye mji wa Louisville. Nikamwambia jazz ni muziki ya baa, kesho airudishe. Alienda chumbani, akafunga mlango.

Nilikuwa napika sombe, majani ya muhogo, wakati saxo ilianza. Miguu ilijua ile wimbo mbele ya masikio. Nikajikuta kwenye koridoo nacheza, mwiko mkononi kama sadaka.

Nikafungua mlango. "Nani alikufundisha wimbo ya kanisa?"

"Mom, no. Hii ni jazz."

Akanieleza vile mwalimu aliwaeleza: ilianza Cuba, wimbo ya mapenzi, ya pole pole. Wapiga jazz wa Amerika wakaisikia, wakaichukua, na leo kila mpiga jazz lazima aijue.

Nikakasirika. Donc waliiba wimbo ya baba yangu! Nikapigia kaka yangu mukubwa, yule anakaa Buffalo, kule Black Rock. Nikafungua sauti ya simu ili binti asikie ukweli.

Kaka alicheka mpaka akakohoa.

"We mama mutakatifu! Baba alikuwa na ile diski mbele uzaliwe. Ilikuja na meli, imetoka Cuba. Unafikiri alimupata mama yetu kwa zaburi? Walicheza hiyo!"

"Kaka, mutoto anasikia!"

"Asikie! Baba alipookoka aliuza gramofoni, lakini wimbo ilikatala kutoka kichwani. Donc akaiwekea maneno ya zaburi. Alisema hawezi kuachia shetani kitu muzuri hivi."

Binti alikuwa anauma midomo asicheke. Mimi nilikaa kwenye kitanda yake. Nilikumbuka vile baba alikuwa anafunga macho kwenye ile wimbo, na mama, kwenye sauti ya pili, anamwangalia. Nilidhani ni Roho. Labda ilikuwa Roho, na kitu ingine pia.

"Piga tena," nikamwambia.

Saxo haikurudi shule. Louisville nilienda naye, nikakaa kiti ya mbele na kitenge yangu ya kanisa. Wenzake walipiga ile wimbo haraka haraka, ngoma inakimbia. Halafu binti akasimama apige peke yake, akaipunguza mwendo, akaipiga vile sisi tunaiimba. Basi, na mimi nikasimama. Nikaenda mbele nikicheza, nikaweka sadaka yangu karibu na viatu vyake. Watu wakapiga makofi, hawajui kitu.

Kwenye gari akasema, "Mom. Ulinipatia haya mbele ya watu wote."

"Ile wimbo ikipigwa, mutu hakai."

Tukavuka mto. Kisha, kwa sauti ndogo: "Maneno ya babu inasema nini?"

Nikamwimbia ya zaburi yote. Ile ya mapenzi, nilimwambia aulize mjomba wake.