Nani Anagusa Kitabu cha Mzee Yihye?

Sabato ile Mzee Yihye Sharabi alikuwa na neno moja rohoni: kuna mtu anagusa kitabu chake. Alikiweka mezani kando ya kikombe, mgongo wa kitabu ukimwelekea yeye, akaenda kunawa mikono. Aliporudi, vidole vyake vilikuta mgongo uko upande wa pili, kama Sabato iliyopita. Akaketi kama kawaida. Kikulacho ki nguoni mwako, na ukishamshuku mwizi humshtui.

Tangu kiangazi macho yake yalikuwa yanazimika, na sasa watu wote walikuwa vivuli. Hakumwambia mtu. Kwa miaka arobaini ya ufundi wa kufuli alikuwa amefungua za nusu ya mji wa Rosh HaAyin, huko Israeli, kwa kupapasa tu, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyomfichia siri. Torati aliijua kwa moyo tangu utotoni Yemen, ambako watoto kumi walikizunguka kitabu kimoja, kila mmoja akisoma kutoka upande aliokaa. Kwa hiyo hata leo akishika kitabu kichwa chini, hakuna anayeshtuka. Wazee wa Kiyemeni ndivyo walivyo.

Lakini wakigundua, kiti cha kuwasomesha wajukuu kitakwenda kwa mkwewe Gilad, yule wa kuja mezani na makaratasi ya maelezo aliyochapisha kazini. Na juzi alimsikia binti yake Yona akitaja daktari kwenye simu. Daktari wa nani? Wanamwona mjinga?

"Haya baba, tunakusikiliza," Yona alisema, akisogeza bakuli la karanga na zabibu.

Somo la Torati la wiki hiyo lilikuwa Isaka kipofu, na Yakobo aliyejivika ngozi za mbuzi ili apate baraka za kaka yake. Mzee alihisi hata kalenda ya masomo imekula njama nao. Akafungua kitabu, akainamisha kichwa, akasoma bila kukosea hata neno.

"Babu, huyu Yakobo tapeli," alisema Evyatar, mjukuu wa miaka kumi na miwili. "Shuleni kwetu angefukuzwa."

"Mfukuze, halafu wewe uzaliwe na nani?"

Wakacheka. Gilad akafunua karatasi yake. "Wapo wanaosema alijua kila kitu, akajifanya hajui."

"Nani anajifanya?" Mzee akamgeukia ghafla.

"Isaka, baba."

"Aa."

Ndipo Naama, mdogo wa miaka saba, akauliza: "Babu, kama Isaka haoni, si angesema tu? 'Wanangu, sioni, nani huyu?' Kwa nini alinyamaza?"

Mzee alipiga meza, chai ikamwagika. "Nani kakutuma? Yona! Unamtuma mtoto anichimbe? Na kitabu changu mnakigeuzageuza mnipime! Nimeshawajua nyote!"

"Kitabu gani tena, baba?"

"Ni mimi," Naama alisema, akilia. "Ulichukua kitabu cha Kutoka, Babu. Sisi bado tuko Mwanzo. Majalada yanafanana. Na wiki iliyopita ulichukua kile kile. Mimi nabadilisha ukienda kunawa, Evyatar asikucheke."

Mzee aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Wiki nzima alikuwa akimwinda mwizi, kumbe anamwinda mlinzi wake.

"Baba," Yona aliuliza polepole, "huoni?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angeweza kusema ni miwani. Akaumeza.

"Isaka aliona haya, Naama," alisema. "Aliogopa kiti chake atapewa mwingine."

"Apewe nani?" Gilad akadakia. "Baba, haya makaratasi nayaleta ili nipate cha kukuuliza wewe. Mimi nitamjibu nani?"

Mzee alinyoosha mikono juu ya meza, mbele ya watu wote, akitafuta.

"Njoo karibu, mwanangu, nikupapase."

Ndivyo Isaka alivyomwambia mwanawe. Evyatar, aliyekuwa ameanza kucheka, akaacha. Naama alisogea, na vidole vya mzee vikapita kwenye paji la uso, puani, mashavuni palipokuwa na machozi, mpaka mdomoni. Hapo vikasimama.

"Meno ya mbele yamekwenda wapi?"

"Yaling'oka, Babu. Tangu Sikukuu ya Vibanda, mwezi umepita."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Nilikuja kukuonyesha. Ukaniangalia, ukasema yamenipendeza."