Mnyama Asiye na Jina Hafungwi Mgongo

Kila ninaponusa sufu mbichi ikikauka juu ya makala, narudi kwenye msimu mmoja wa baridi, nikiwa na miaka tisa, katika ua wetu, mtaa wa Katuba. Tantine Béa, mdogo wake mama, alikuwa akinunua sweta za mitumba zilizochoka, anazifumua mstari kwa mstari, anauosha uzi na kuutundika juu ya mbabula, lile jiko letu la makala, mpaka mikunjo inyooke. Harufu yake ilikuwa ya kondoo, ya moshi na ya sabuni ya kipande, pamoja na vumbi jekundu la Juni linalowasha pua. Uzi ukishanyooka, alishika krosheti, sindano yake fupi yenye ndoano kichwani, akaanza kufuma wanyama: mwili wa duara, masikio, mkia. Matumbo tuliyajaza vipande vya vitenge tulivyookota kwa fundi cherehani. Mnyama mzima alienea kwenye kiganja changu.

Mimi nilikuwa mtoto wa maneno machache, na uchache huo haukuwa wa hiari. Bibi na babu walitoka mkoa wa Kasai, na lugha yao haina r. Ulimi wangu ulipokutana na r ya Kifaransa cha shule, uliteleza ukaangukia kwenye l. Mwaka ule Madame, mwalimu wetu, alitutungia shairi la kusema siku ya proklamasio, wazazi wote wanapokuja shuleni kusikiliza matokeo. Lilikuwa shairi la wanyama wanaokwenda kunywa maji, na kila mtoto alipewa ubeti. Wangu ulikuwa na grenouille, yaani chura, na hérisson, yaani kalunguyeye, na mwisho kabisa, kama jiwe mlangoni, écureuil, ambaye ni kindi tu. Nilipojaribu mara ya kwanza, Gloria, niliyekaa naye benchi moja, alicheka ndani ya daftari lake. "Anasema sawa mutu iko na muhogo ya moto mu kinywa," akawaambia wa nyuma. Madame hakucheka. Alinipa wiki tatu. Nikishindwa, ubeti ungekwenda kwa Gloria, na mimi ningesimama mstari wa mwisho nikichezesha midomo bila sauti. Nitasema ukweli: nusu yangu ilifurahi, maana mstari wa mwisho ndiko nilikokuwa nikiishi. Lakini papa alikuwa ameshawaambia wenzake wote wa karakana ya reli kwamba binti yake atasema shairi.

Tantine aliposikia, hakunipa pole. Aliniuliza ni wanyama gani, akawafuma wote watatu, akaacha tundu mgongoni mwa kila mmoja. "Nyama ya kukosa jina, hatuifunge mugongo," alisema. "Utamwita, aitike, njo pale tutamufunga." Nikamwambia ulimi wangu haufai. Akanijibu kwa methali: "Ulimi haina mufupa." Mimi nilijua methali hiyo huwaonya wambea, lakini yeye aliipeleka kwingine. "Kama haina mufupa, inaweza kupinda. Basi, pinda yako." Akanipa uzi na krosheti: mshono mmoja, silabi moja. Silabi ikiharibika, navuta uzi, mshono unafumuka, naanza upya. Wiki ya kwanza nililitamka grenouille bila kuteleza, chura akaitika, tukamjaza vitenge, tukamshona. Wiki ya pili kalunguyeye. Kindi alibaki dirishani, mgongo wazi, akinitazama kwa vifungo viwili vya shati.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, tantine akiwa sokoni, nilimjaza kindi, nikamshona mwenyewe, nikampanga katikati ya wenzake. Aliporudi, hata kikapu hakukitua. Alimchukua yule yule, akamgeuza.

"Huyu njo nani?"

"Kindi, tantine."

"Kwetu, ndiyo. Na mu ubeti yako?"

Akanipa mkasi. "Weye ulimufunga, weye umufungue."

Sijawahi kuchukia mkasi kama siku ile. Nilikata mshono wa kwanza kwa hasira, nikaitupa nje silabi ya kwanza. Nikakata wa pili, wa tatu, na vitenge vilipoanza kumwagika neno zima lilikuwa limeshanitoka. Halikuwa zuri. R yake ilikuwa nusu ya Kasai, nusu ya shule. Tantine aliendelea kutoa nyanya kwenye kikapu. "Bado," alisema. "Lakini amesikia."

Siku ya proklamasio nilimweka kindi kwenye mfuko wa sweta, mgongo wake ukiwa bado wazi. Chura alipita, kalunguyeye akapita. Kisha nikakwama. Mbele yangu kulikuwa na viti vya wazazi, na papa amekaa wima na shati la Jumapili. Nilitia kidole kwenye lile tundu, nikashika kitenge, nikasema: é. Kisha: cu. Kisha ile ya mwisho, kwa sauti kubwa kuliko niliyoizoea. Mtu alicheka, na nadhani namjua. Nilimaliza ubeti wangu hata hivyo, na papa akapiga makofi kabla ya wakati wake. Tulipofika nyumbani, jua bado kali, tantine alichukua sindano na kunyoosha mkono. "Sema." Nikasema. Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Ameitika," akasema, akamfunga.

Leo nina miaka kumi na saba, namaliza sekondari. Uzi tunaotumia huja mpya ndani ya plastiki, unapitia mpakani Mokambo. Ni laini, una rangi ambazo sweta za zamani hazikuwa nazo, ila haunuki kitu. R bado hunitoroka siku nyingine. Sasa nikikwama darasani huwa nasimama pale pale nikaianza upya silabi, na wenye kusubiri wanasubiri.

Wanyama wapya najifunza kwenye simu, na huko wanaitwa kwa neno la Kijapani, amigurumi. Nilimfundisha tantine neno hilo. "Amigulumi," akasema. Nikafuma dubu, nikaacha tundu. Juzi alimgeuza, akaliona.

"Weye. Unanifanya mutoto?"

"Nyama ya kukosa jina, tantine."

Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akachukua krosheti yake akatoka nje. Ninapoandika haya namsikia kando ya mbabula, mshono mmoja, silabi moja, halafu uzi unafumuliwa. Dubu yuko hapa mezani, mgongo wazi. Sina haraka.