Neno Ambalo Fundi Mizani Hakulipima

Mtaani walimwita Bwana Sijui, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani: za wachinjaji, za wauza nafaka, na ile ya zahanati ya kupimia watoto wachanga. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi kinachotazama barabara, meza iliyofunikwa bati, na sanduku la mawe ya mizani ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyashika kwa mkono mtupu, maana alisema jasho nalo lina uzito. Mizani ikiletwa, aliipima katikati ya sahani, akaipima pembe zote nne, akaiacha itulie, akaanza upya. Hapo ndipo alipoifunga kadi: SAWA au MBOVU. Kama hajamaliza, kadi ilisema HAIJAPIMWA, na mchinjaji angeweza kulia machozi mlangoni asipate neno lingine.

"Kwa kukadiria tu, fundi. Iko sawa?"

"Sijui."

"Si unaiangalia tangu asubuhi?"

"Kuangalia si kupima."

Tabia hiyo hakuianzia kwenye mizani. Alipokuwa na miaka tisa mama yake aliugua kifua. Upande wa baba walisali hivi, upande wa mama vile, na wote wawili walikuja, kila upande na sala zake, kila upande ukamwambia mtoto kwamba mama atainuka. Hakuinuka. Baada ya mazishi upande mmoja ukamwambia mama amepumzika pema, na upande wa pili ukasema mambo ambayo mtoto hapaswi kuambiwa. Akamfuata mjomba wake nyuma ya nyumba. "Mjomba, kati yao nani anajua?" Mjomba akavuta pumzi, akasema, "Mungu ndiye ajuaye." Mtoto akalitafuna lile jibu siku nyingi, na akaja kuona kwamba hivyo ndivyo mtu mzima anavyosema sijui bila kuona haya. Tangu hapo akaona heri alitamke waziwazi.

Lakini asidhaniwe kuwa alimkana Mungu. Hapo ndipo wengi walipokosea, na wa kwanza alikuwa dada wa mke wake, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Mkanamungu wewe," alimwambia mara nyingi, mbele ya watu.

"Shemeji, mkanamungu ni yule anayejua kuwa hayupo. Mimi hata hilo silijui."

"Basi huna mbele wala nyuma."

"Hapo umesema kweli."

Jirani yao, mwalimu mstaafu, ndiye aliyemletea jina. Alikuja siku moja na kitabu kikubwa kwapani, uso unang'aa kama mtu aliyeokota fedha. "Fundi, kumbe hauko peke yako. Wasomi wanawaita watu kama wewe agnostiki." Akaeleza kuwa zaidi ya miaka mia iliyopita msomi mmoja Mwingereza alikaa na wenzake wenye elimu, akaona kila mmoja ana jina la imani yake, au la kukataa imani, na yeye peke yake hana. Akajitungia. Alichukua neno la Kiyunani la kujua, akalitia kikanusho mbele.

"Kama sisi tunavyotia si mbele ya jui," akasema fundi.

"Ndiyo hiyo hiyo. Sijui."

Mke wa fundi alikuwa anaanua nguo. Akacheka hadi vibanio vikamponyoka. "Mwalimu, jina lenyewe kama dawa ya minyoo. Anywe kutwa mara ngapi?"

Huyo ndiye mke wake. Miaka thelathini na moja walikaa pamoja. Yeye alikuwa mtu wa sala, na hakumsumbua mume kwa sala zake. "Nakuombea na wewe humo humo," alimwambia. "Ukifika huko usije ukasema hukuandikishwa." Watu waliposema hawakujaliwa mtoto, yeye aliitikia kuwa Mungu hakuwajalia, na mume akasema tu hawakupata, wakaelewana. Kitu kimoja alikipenda kwa mume wake kuliko vyote: neno lake. Akimuuliza kama gauni limemkaa vizuri, aliambiwa ukweli, mara nyingi ukweli mchungu. Lakini likimkaa vizuri akaambiwa limekukaa vizuri, alilitembelea wiki nzima, kichwa juu.

Kisha akashikwa na ugonjwa wa ini. Alidhoofika haraka, macho yakawa manjano. Daktari alimwita mume pembeni, akamwambia amrudishe nyumbani. Njiani mke akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema hakuna dawa tena. Lini, hajui."

"Asante kwa kuniambia," akasema.

Dada mtu alihamia pale nyumbani kumwuguza. Alifua, alimgeuza mgonjwa, aliimba nyimbo za sala kutwa, na kila baada ya wimbo akasema, "Mdogo wangu, usihofu, tutaonana huko." Wazee wa sala nao walikuja, wakasema hivyo hivyo.

Alhamisi mchana mke alimwita mume. "Funga mlango. Dada asisikie."

Akafunga, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimesali tangu sijajua kusoma," mke akasema. "Sasa nanyoosha mkono, sishiki kitu. Hakuna kitu pale, mume wangu. Naogopa."

"Inawezekana ni ugonjwa tu unaokufanya hivyo."

"Unajua?"

"Hapana."

"Basi nisikilize. Dada ananiambia tutaonana. Wazee wananiambia tutaonana. Wanalisema kama mtu anayeagana stendi. Hawajawahi kusema sijui maishani mwao, nitajuaje kama wanajua? Wewe hujawahi kuniambia usilolipima. Niambie wewe. Niambie tutaonana, nitaamini, nitakwenda."

Fundi akainama. Aliushika mkono wake, mwepesi kama ganda la kitunguu. Lile neno watu wanalitupa ovyo kila siku, dukani, kwenye simu, na yeye akashindwa kuliinua.

"Nipe hadi kesho," akasema.

"Kesho ni mbali. Lakini nakupa."

Mfa maji haachi kutapatapa. Ijumaa, jua halijawa kali, alimkuta mzee wa sala akifagia uwanja wa nyumba ya ibada. Hata hakumwamkia.

"Mzee wangu, tukifa tunaonana?"

"Bila shaka."

"Unajua?"

"Naamini."

"Sijakuuliza unaamini. Nimekuuliza unajua. Mke wangu anakufa, sina muda wa heshima."

Mzee akaegemea ufagio. Alikuwa mtu mwema, na wema ndio uliomponza. Akasema taratibu, "Mungu ndiye ajuaye, mwanangu."

Fundi aliondoka bila kuaga. Alikwenda kwa mwalimu, akamkuta anakunywa chai. "Kwenye kitabu chako," akasema, "yule bwana aliyetunga lile neno. Mke wake alipougua alimwambia nini?"

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Kitabu changu hakifiki huko."

"Kinafika wapi?"

"Kinafika kwenye neno tu. Fundi, mwambie anachotaka. Mgonjwa hadanganywi, anafarijiwa."

"Ukiuza nusu kilo kwa kilo, ukamwambia mnunuzi umemfariji, inakuwa kilo?"

Mwalimu akamsogezea kiti, fundi hakukaa.

Akaenda kwenye chumba chake cha kazi, akajifungia. Alijaribu kulisema lile neno mbele ya ukuta. Likatoka kama sauti ya mchuuzi. Akalirudia. Akalirudia tena hadi likapoteza maana. Mwisho akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu umri wa miaka tisa: alipiga magoti kwenye sakafu yenye vumbi la chuma, akasema kwa sauti, "Kama upo, niambie mimi, nikamwambie yeye. Sikuombi apone. Nakuomba nijue tu." Akasubiri. Lori likapita nje, vioo vikatetemeka, lori likaondoka. Alisubiri hadi magoti yakafa ganzi. Kama alijibiwa, hakusikia. Kama hakujibiwa, hilo nalo hakuwa na uhakika nalo.

Alirudi nyumbani saa sita mchana. Pumzi ya mke ilikuwa imekuwa fupi. Shemeji alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba. Fundi alimwomba awapishe. Akatoka, lakini kwa jinsi mtaa ulivyomfahamu yule mwanamke, hakwenda mbali na mlango.

Mke akafumbua macho. Hakuuliza kitu. Alimtazama tu, jinsi wachinjaji walivyomtazama wakisubiri kadi.

"Tutaonana," akasema fundi.

"Umepima?"

Hapo alikuwa bado anaweza kurudi nyuma. Alijua hivyo.

"Nimepima."

"Pembe zote nne?"

"Zote nne."

Mke akashusha pumzi, na uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu Alhamisi, ukalegea kidogo kidogo, kwanza paji, kisha midomo. "Basi," akasema. "Nilijua ukisema wewe." Hakuogopa tena. Alikufa Jumamosi asubuhi, usingizini.

Makaburini shemeji alimtangazia kila mtu. "Aliamini. Nilimsikia kwa masikio yangu. Bwana Sijui amejua." Wanaume walimpa mkono kwa nguvu. Mzee wa sala alimkumbatia, na yeye pekee hakusema lolote. Fundi naye alinyamaza. Kusema sijui pale kulikuwa sawa na kumfukua mke wake na kumrudishia hofu. Na kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuwa na hakika hata ya dhambi yake. Kwamba alipima, huo ulikuwa uongo. Lakini lile neno lenyewe, kama lilikuwa uongo au kweli, hakulijua. Alikuwa amemuuzia mke wake mzigo usiopimwa, na mnunuzi ameshaondoka.

Wiki ya pili shemeji alikuja kukusanya nguo za marehemu. Walikuwa wawili tu chumbani. Alikunja magauni bila kuimba, jambo lisilo la kawaida yake. Alipofika kwenye shuka la mwisho akasimama nalo mkononi.

"Shemeji," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "ulijuaje?"

Fundi alimgeukia. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona yule mwanamke akiuliza kitu kwa nia ya kujibiwa.

"Sikujua. Nilimwambia tu."

Shemeji akakaa kitandani, juu ya nguo alizokwisha kunja. "Na mimi nimewatangazia watu wote."

"Umewatangazia."

"Niliwatangazia kwa sababu nilikuamini. Nilisema, huyu akisema, basi ni kweli. Ndiyo maana usiku nalala." Akafuta uso kwa shuka. "Mimi ninasema tu, shemeji. Nimekuwa nikisema tu tangu zamani."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Hawakusogea.

"Lirudie," akasema shemeji.

"Nirudie nini?"

"Lile neno. Najua hukulipima. Niambie na mimi."

Fundi akafungua mdomo. Kwa mke wake lilitoka kwa sababu alikuwa anakufa na hapakuwa na kesho. Huyu alikuwa mzima, na kesho angeuliza tena. Alijaribu, neno halikuja.

Akashika ncha mbili za shuka. Shemeji akasimama, akashika nyingine mbili, wakaanza kulikunja, bila kutazamana.