Mlango Ulionyooka Kuliko Nyumba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipobeba mlango mpya begani kutoka karakana yetu mtaani Kawangware hadi mtaa wa Gatwekera, kwa mteja wangu Mama Nekesa, nikijiona fundi wa mafundi. Kila pembe nilikuwa nimeipima kwa skwea, kile kipimo chetu cha pembe mraba. Nyumba yenyewe sikwenda kuipima. Ya nini? Mlango ni mlango!

Haukuingia. Unazijua zile nyumba za udongo: fremu ilikuwa imelala upande, ukuta umefura. Mama Nekesa akaniomba, "Aki kijana wangu, punguza hapo juu kidogo. Ule wa zamani umeoza, na nikiacha nyumba wazi wataniibia hata sufuria. Leo nisipofika kazini kule mtaa wa Satellite, wataandika mwingine."

Unafikiri nilisikia? "Mlango wangu uko sawa," nikamjibu. "Nyumba yako ndiyo imepinda." Nikaubeba, nikarudi nao karakanani.

Nilipomsimulia, Mzee Musyoka, fundi aliyenifundisha kazi, akaniuliza, "Hiyo pembe iliyo sawa kabisa umewahi kuiona wapi?" Nikampa skwea yangu. Akaibana kwenye ubao ulionyooka, na mwanga ukapenya katikati. "Hata hii imelika. Sasa ulijuaje nyumba ya watu imepinda?"

Nikajiuliza: Hiyo sawa yenyewe ilikuwa wapi basi? Kichwani mwangu? Mbona na yeye anaijua, na hata Mama Nekesa aliona kwa macho tu pale palipozidi? Na sisi sote tukifa, mbili na mbili zitakuwa nne bila mtu wa kuhesabu? Weee! Nilipomuuliza, Mzee naye alikuna kichwa, akasema hajui. "Lakini chukua randa urudi."

Nilimkuta Mama Nekesa bado ameketi kizingitini, analinda vyombo vyake, jua limeshapinduka. Nikaranda, mlango ukafunga. Hakunitazama. Kesho yake alipofika kazini alikuta mwingine ameshaandikwa. Niliona aibu, mwanangu, aibu ambayo haijaisha.

Sasa nimezeeka, na bado sijui unyoofu unakaa wapi. Siku nyingine naamini uko hata bila sisi, siku nyingine naona tumejitungia tu. Swali hili likikuchanganya na wewe, usijali, uliza tu. Ila nisikie kwa hili: ukweli ulio nao kichwani, uwe wa Mungu au wa kutunga, usikuzuie kwenda kwanza kuona nyumba ya mtu ilivyo.

Mola akulinde, akuongezee akili, na asikuache hata siku moja ujivunie kuwa sahihi mbele ya mtu anayekusihi.