Ndoo ya Maziwa

Mwalimu wa fizikia wa shule yetu hapa Waberi hufundisha kwa mikono, na chaki humjaa hadi ndevuni. Leo anazungusha ndoo ya maziwa ya ngamia kwa kamba, juu chini, na halimwagiki hata tone.

“Kamba ni mvuto wa jua, ndoo ni sayari. Mwendo unaipeleka mbele, mvuto unaipinda, basi inazunguka tu.”

Mwanafunzi Hinda, aliyeileta ndoo na kumwahidi mamake kuyarudisha maziwa yote, hapumui.

“Assalamu alaykum, mwalimu,” anasema mzee Hirsi, akiingia darasani amenyoosha mkono.

Mwalimu hajawahi kuacha mkono wa mzee hewani. Anaupokea, na ndoo inasimama juu ya kichwa chake.

Akiwa amelowa maziwa, mwalimu anamuuliza mzee habari za ngamia, watoto na mvua, kisha analigeukia darasa.

“Andikeni. Sayari haisimami kusalimu mtu.”