Pengo la Ghuba ya Kunguru

Noreen Mandeville alikuwa mlezi wa skripti. Hapa kwetu kaskazini ziwa likiganda huwa barabara ya malori. Vipimo vilivyochimbiwa kwenye barafu hupima unene wake, na skripti, zile programu ndogo za kompyuta, huvipitia kwa zamu kuchukua majibu. Noreen ndiye aliyezipangia zamu, akazichunga kwenye seva kama mama anayengoja watoto watoke shule. Mmoja akichelewa, alijua.

Kituo cha kipimo kikinyamaza, ramani ya barafu pale ofisini, yenye kijani palipo salama, iliacha pengo jeupe, na madereva walipiga simu kutukana. Gerald, msimamizi wetu, akachoka.

"Noreen, ziba hayo mapengo bwana. Kituo kikikaa kimya, skripti irudie kipimo cha mwisho."

"Huko si kupima, Gerald. Ni kubuni."

"Kwa muda tu. Au utazipokea wewe hizo simu?"

Ofisi ilicheka. Noreen akauandika mstari huo kwenye programu. "Kwa muda tu" ni maneno ya mtu anayejua kwamba anakosea.

Dereva wa kwetu akishuka ziwani hafungi mkanda, na mlango huuacha wazi hata baridi ikate masikio, ili barafu ikivunjika aruke. Alphonse, mume wa Noreen, aliyepeleka mafuta ya kupashia nyumba moto, alifanya hivyo miaka yote. Asubuhi moja ya Machi alimpigia mkewe kama kawaida, nasi tukasikia.

"Bibie, ziwa lako linasemaje leo?"

"Kijani mpaka ng'ambo. Hata wewe na tumbo lako mtapita."

"Tumbo umelilea mwenyewe. Nibakishie supu ya samaki."

Hakuna aliyejua kwamba mkondo ulikuwa umeila barafu ya Ghuba ya Kunguru kutoka chini, ukakata na waya wa kipimo.

Polisi alipoleta habari kwamba lori la Alphonse limezama naye ndani, Noreen hakulia. Aliigeukia ramani. Ghuba ya Kunguru ilikuwa bado kijani. Zamu ya skripti ikafika mbele ya macho yetu: ikauliza, haikujibiwa, ikaandika tena kwamba barafu ni nene.

"Ngoja nizime mimi," Gerald akasema.

"Usiguse."

Akaufuta ule mstari mwenyewe, herufi moja moja, mpaka pengo jeupe likarudi mahali pake. Kisha akamgeukia polisi aliyesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Hakuruka? Alphonse ni mwepesi, yule. Mlango si ulikuwa wazi?"

Polisi alitazama sakafu. "Ulikuwa umefungwa, dada. Na mkanda alikuwa ameufunga."

Ndipo Noreen alipolia. Sisi sote tulielewa, na hakuna aliyethubutu kumwambia si kosa lake. Mumewe hakuwa mzembe. Alimwuliza mkewe, akajibiwa, akafunga mlango.