Tone kwenye Silinda ya Tatu

Nakumbuka, mwanangu, majira ya baridi ambayo nilisema uongo kwa sababu ya tone moja la maji.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Burundi, naishi Rågsved, huku Sweden. Nilikuwa najifunza kuchomelea katika karakana ya kufufua injini za zamani. Wakati huo tulikuwa na injini ya ndege ya kivita, mojawapo ya zile za mwanzo zilizopozwa kwa maji. Kila silinda ilivishwa koti la chuma chembamba, maji yakapita katikati. Koti la silinda ya tatu lilikuwa limeliwa na kutu, nikapewa mimi nilizibe kwa kiraka cha chuma.

Siku ya majaribio tulisukuma maji ndani. Nikaona tone kwenye mshono wangu, pale nilipochomelea kiraka. Kesho yake wageni wangekuja kuisikia injini ikiunguruma, nami nilikuwa nangoja kuajiriwa. Nikalifuta kwa kiganja.

“Pakavu,” nikamwambia Mzee Ssali, fundi Mganda aliyekuja Sweden zamani kama mkimbizi, ndiye aliyekuwa akinifundisha kazi.

Alitandika gazeti chini ya silinda, akanimiminia kahawa, tukakaa. Kabla sijaimaliza, gazeti lilikuwa limelowa.

“Nilidhani hapavuji, mzee.”

“Hukudhani, binti yangu. Uliona. Koti hili likipasuka injini ikiwa imechemka, maji ya moto yatamrukia aliyesimama karibu. Nenda kamwambie bosi wewe mwenyewe.”

Nilikwenda nikamweleza kwa Kiswidi changu cha kuungaunga. Bosi akasema wageni wataiona injini ikiwa kimya, na mimi ndiye nitakayewaambia sababu. Nikawaambia. Uso uliniwaka kwa aibu, lakini sikuacha neno.

Baada ya hapo nilikikata kile kiraka nikaanza upya. Chuma kile chembamba kiliungua mara tatu. Mara ya nne mshono ulishika. Kazi ya kudumu sikuipata pale. Niliipata baadaye katika karakana nyingine, Skärholmen, na nimeifanya hadi leo bila kumficha mtu mshono mbovu.

Basi nakuomba, mwanangu: ukikosea, sema kabla hujaulizwa, halafu urudi urekebishe kwa mikono yako, hata ikibidi mara nne. Usimwache mtu asimame karibu na kosa ulilolificha. Mungu akupe moyo wa kusema kweli na nguvu za kuanza tena.